Friedrich von Bodelschwingh, mchungaji aliyeishi kijiji kimoja na wagonjwa wa kifafa



Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, mama wa paruwasi yetu hapa Uvira alinijia nyumbani. Kijana wake ana miaka 11 na ana kifafa. Wiki ile alikuwa ameanguka ziwani upande wa Kalundu, alipokwenda na dada zake kufua nguo, na watu waliokuwa wakianika ndagala ndio waliomtoa majini. Mama hakuja kutaka maombi. Kuombewa alikwisha kuombewa sana, kwangu na kwa wengine, na katika chumba kimoja cha maombi alidaiwa mbuzi pamoja na dola ambazo alizipata kwa kuuza cherehani yake. Alikuja kuuliza kama kanisa linaweza kumsaidia kununua dawa za kila mwezi.

Nilikosa jibu. Nimemwekea kijana yule mikono mara nyingi, na sijawahi hata siku moja kumuuliza mama yake kama mtoto anameza dawa.

Usiku ule nilikumbuka jina nililolisikia katika chuo cha theolojia, somo la historia ya Kanisa. Mwalimu alilitaja kwa haraka na sisi wanafunzi tulicheka kwa sababu lilikuwa gumu kutamka. Friedrich von Bodelschwingh. Ni mtu ambaye Wajerumani wanamjua vizuri, na matunda ya kazi yake yalifika mpaka milima ya Usambara na kando ya Ziwa Kivu, huko unakoanzia mto wetu Ruzizi. Nataka niwasimulie maisha yake.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831, katika nchi ya Westfalia, magharibi mwa Ujerumani, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa wakubwa. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme, na utotoni Friedrich alicheza na mwana wa kifalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari. Angeweza kushika cheo. Lakini alipenda udongo, akajifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Kule aliwaona vibarua wasiokuwa na ardhi, watu waliofanya kazi mwaka mzima na bado wana deni. Siku moja akasoma kijitabu cha misioni kuhusu mtoto maskini wa Kichina. Kikamgusa, akaamua kuwa mmisionari. Mwaka 1854 akaanza kusoma theolojia huko Basel.

Asia hakuifika kamwe. Mwaka 1858 alitumwa Paris. Katika mji ule walikuwako maelfu ya Wajerumani maskini waliotoka vijijini kwao kutafuta kazi. Wanaume walifagia barabara kabla ya mapambazuko, wengine waliokota matambara, watoto hawakusoma. Sisi wa Uvira tunawajua watu wa namna hiyo, kwa maana wengi wetu tumewahi kuwa wageni, ng'ambo ya Burundi au katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Bodelschwingh alianza na watoto wachache tu, kisha akajenga shule na kanisa. Pesa hakuwa nazo. Ilimbidi arudi Ujerumani kuomba mlango kwa mlango, mtoto wa waziri akinyoosha mkono. Nafikiri Paris ndiko alikosomea shule yake ya kweli.

Mwaka 1861 alikuwa amemwoa binti wa ukoo wake, Ida. Mwaka 1864 walirudi Ujerumani na akawekwa mchungaji wa Dellwig, paruwasi ya kijijini. Walikuwa na watoto wanne. Januari 1869 kifaduro kiliingia nyumbani, na katika muda wa majuma mawili watoto wote wanne wakafa. Wote wanne. Mimi nimezika watoto wa paruwasi yangu, na baada ya mafuriko ya mto Mulongwe Aprili 2020 tulizika wengi mjini humu, lakini mzazi wa kuzika watoto wake wote ndani ya majuma mawili sijui ningemwambia neno gani. Baadaye Mungu aliwapa watoto wengine wanne. Watu waliomjua wameeleza kwamba tangu Januari ile hakuweza tena kupita mbele ya mateso ya mtu mwingine bila kusimama.

Mwaka 1872 aliitwa kuongoza nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyofunguliwa mwaka 1867, pamoja na nyumba ya wadada mashemasi iliyokuwa jirani. Hapa tuelewe kifafa kilikuwa nini Ujerumani wakati ule. Watu waliogopa kuambukizwa. Mtoto aliyeanguka darasani alifukuzwa shule, kijana aliyeanguka kazini alipoteza kazi, na familia maskini ilimficha mgonjwa chumbani au kumpeleka pamoja na vichaa. Msomaji wa Uvira hahitaji maelezo zaidi. Kwetu povu linalotoka mdomoni bado linakimbiwa, na mtoto anaachwa aungue jikoni kwa sababu hakuna anayethubutu kumgusa.

Bodelschwingh hakutaka kujenga hospitali yenye ukuta. Alitaka mji. Sehemu ile ikaitwa Betheli, yaani nyumba ya Mungu, kama Yakobo alivyoipa jina sehemu alipolala juu ya jiwe. Nyumba ya wadada iliitwa Sarepta, kwa kumkumbuka mjane aliyemlisha Eliya kwa unga wa mwisho. Mwaka 1877 ikafuata Nazareti, nyumba ya kuwafundisha wanaume kuwa mashemasi. Alinunua mashamba ya jirani moja baada ya jingine. Wagonjwa hawakulazwa kwa safu ndefu za vitanda, waliishi katika nyumba za kawaida pamoja na baba na mama wa nyumba, wakila meza moja. Mafundi wazima walikuja na familia zao wakaishi katikati ya wagonjwa, watoto wao wakicheza njia moja.

Na kila mmoja alipewa kazi kadiri ya nguvu zake. Aliyeweza kulima alilima, mwingine alioka mikate, mwingine alishona viatu au kufyatua matofali. Asiyeweza zaidi alichambua maharagwe. Bodelschwingh aliona kwamba ugonjwa wenyewe unaumiza, lakini kukaa bila kazi, mwaka baada ya mwaka, ukitazamwa kama mdomo wa kulishwa, kunaumiza zaidi. Dawa ya wakati ule ilikuwa bromidi, iliyopunguza kuanguka lakini ikawafanya wagonjwa wasinzie. Kazi, ibada na meza ya pamoja vilifanya sehemu iliyobaki.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wachungaji wengi tunaposhindwa. Tunahubiri huruma, lakini mfuko wa diakonia una mashimo.

Bodelschwingh alikuwa mwombaji hodari kuliko wote. Theodor Heuss, aliyekuwa rais wa Ujerumani Magharibi miaka mingi baadaye, alimsifu hivyo hivyo, kwamba nchi yao haijapata kuona mwombaji mwenye kipaji kama yeye. Aliwaandikia wakubwa aliowajua tangu utoto. Lakini tegemeo lake halikuwa wakubwa. Lilikuwa sarafu za watumishi wa nyumbani, wakulima, watoto wa Shule ya Jumapili. Na kila aliyetoa, hata akiwa ametoa kidogo sana, alipata barua ya shukrani. Betheli kulikuwa na ofisi nzima ya kazi hiyo. Nisamehewe na wenzangu nikisema wazi: sisi tunaomba sana na kushukuru kidogo, na hesabu tunaisoma mara moja kwa mwaka, harakaharaka, wakati watu wameshachukua Biblia zao kwenda nyumbani.

Mwaka 1890 alianza mkusanyo wa vipande. Alifikiria ile habari ya mikate mitano na samaki wawili, pale Yesu alipowaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Basi akawaomba watu vitu walivyotaka kutupa: nguo kuukuu, viatu, vyombo, chuma, karatasi. Wagonjwa walivichambua, wakavitengeneza na kuviuza. Kwa njia hiyo aliyekuwa anahesabiwa kuwa mtu wa kupokea tu alizalisha kitu kwa mikono yake.

Hakutazama wagonjwa peke yao. Ujerumani ilikuwa imejaa watu waliotembea barabarani bila kazi wala makao, na polisi waliwafunga. Mwaka 1882 akawafungulia kituo cha Wilhelmsdorf, ambako waliweza kulala, kula na kulima mpaka wapate kazi. Mwaka 1885 akaanzisha chama cha akiba ili wafanyakazi wa viwanda wa Bielefeld waweke kidogo kidogo na kukopeshana kwa ajili ya kujenga nyumba zao wenyewe. Wamama wa soko letu la Mulongwe wangelielewa jambo hilo bila mwalimu, kwa sababu ndilo wanalolifanya katika likelemba na katika AVEC. Tofauti ni kwamba yeye alimwona mtu aliye karibu kuanguka katika umaskini kuwa wa nyumba moja na yule aliyekwisha kuanguka. Familia yenye mtoto mgonjwa huanza kwa kuuza mbuzi, halafu cherehani, halafu kiwanja. Ukiisaidia ilipo kwenye mbuzi, gharama ni ndogo.

Tena hakukubali kwamba kanisa libebe yote huku serikali ikitazama. Mwaka 1891 Prussia ilitoa sheria iliyozitaka wilaya kubwa zigharimie matunzo ya wagonjwa maskini wa akili, wa kifafa, viziwi na vipofu waliohitaji kuwekwa katika nyumba za matunzo. Tangu hapo pesa za umma zikasaidia wagonjwa wengi waliokuja Betheli. Mwaka 1903, akiwa na miaka 72, mzee huyu aligombea ubunge na akachaguliwa. Alikwenda Berlin kwa sababu moja hasa, kuwatetea wale watu wa barabarani, na mwaka 1907 sheria ya vituo vya kazi kwa ajili yao ikapita. Nchi yetu nayo ina sheria. Katiba yetu, kifungu cha 49, inataja haki za wazee na watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya kuwalinda na kuendeleza haki zao. Nimewauliza viongozi kadhaa wa paruwasi kama wanaijua. Wengi wao hawakuwahi kuisikia.

Basi mtu huyu alifikaje kwetu Afrika? Mwaka 1890 aliingia katika uongozi wa shirika la misioni lililoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na polepole Betheli ikawa mama wa shirika hilo, hata likajulikana kama Misioni ya Betheli. Wamisionari wake walianza kazi Usambara, katika Tanzania ya leo. Mwaka 1896 huko Lutindi, juu mlimani, ilifunguliwa nyumba ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ile ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki, na walioitunza walikuwa mashemasi waliofundishwa Nazareti. Lutindi ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri la Tanzania, na wagonjwa bado wanafanya kazi za mikono na za shamba kama kule Betheli.

Mwaka 1907 Ernst Johanssen na Gerhard Ruccius walivuka kwenda Rwanda, wakaanza Zinga na Kirinda, halafu Rubengera, karibu na Ziwa Kivu. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani, Waprotestanti wa Ubelgiji wakaichukua kazi, na kutoka mbegu ile limekua Kanisa la Kipresbiteri la Rwanda.

Sitaki kumfanya malaika. Misioni yake iliingia Afrika pamoja na bendera ya wakoloni, naye alimpenda mfalme wake kiasi cha kutolihoji sana jambo hilo. Betheli aliiongoza kama baba wa zamani: aliwapenda watu wake, lakini neno la mwisho lilikuwa lake, na wagonjwa hawakuulizwa sana wanataka nini. Mtu mwenye ulemavu wa leo hapa Uvira angependa kukaa katika kamati yenyewe, wala si kuombewa na kamati, na ana haki.

Ida alifariki mwaka 1894. Yeye aliendelea. Mwaka 1905, akiwa na miaka 74, alifungua shule ya theolojia Betheli penyewe, ili wachungaji vijana wasome Kigiriki na Kiebrania huku wakiwahudumia wagonjwa mchana. Nikiwaza miaka yangu ya chuo, nilivyotoka na maandishi mengi kichwani bila kuwahi kumwosha mgonjwa hata mmoja, naona wivu kidogo. Mwaka huohuo alianza kituo kingine karibu na Berlin kwa ajili ya wasio na makao, na akataka kila mtu apewe chumba chake, hata kiwe kidogo, kwa maana kulala wengi kwa safu kulimwondolea mtu heshima. Alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Aliacha mji wenye maelfu ya watu, wagonjwa na wazima.

Mwanawe, naye Friedrich, aliyezoeleka kwa jina la Fritz, akashika uongozi. Ilimkuta saa mbaya. Serikali ya Hitler iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa hasara ya taifa. Kuanzia 1934 wengi walifungwa uzazi kwa nguvu, na lazima isemwe kwamba Betheli yenyewe ilikubali sheria ile ikatendwa kwa mamia ya wagonjwa wake. Mwaka 1940 wakaanza kuuawa, na mpaka Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wamekwisha kuuawa kwa gesi nchini kote. Hapo Fritz na mwenzake Paul Gerhard Braune walikataa. Braune aliandika waraka kwa serikali kueleza kinachotendeka, akafungwa. Fritz alijadiliana na madaktari wa serikali na kuchelewesha, hata wengi sana wa Betheli wakapona. Si wote. Wagonjwa Wayahudi walichukuliwa.

Habari hii ya mwana nimeiweka kwa sababu moja. Hesabu ile ya hasara hatuijui Ujerumani tu. Nimeisikia Uvira, kwa sauti ya upole, katika mkutano wa wazee wa kanisa, mtu alipouliza kwa nini tutumie sadaka kwa mtoto ambaye hatapona.

Nilikuwa nimewasimulia maisha haya kabla ya kuleta swali la yule mama. Shemasi mmoja alisema tukimsaidia huyu, kesho atakuja kipofu, keshokutwa aliyepooza, na mfuko utakwisha. Alisema kweli, nasi hatukumjibu kwa maneno ya kiroho. Tulihesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mgonjwa wa kifafa anaweza kutibiwa kwa dawa ambazo bei yake inaweza kuwa dola 5 tu kwa mwaka, na kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakizitumia vizuri. Kwetu bei ni juu zaidi, na dawa mara nyingine haipatikani. Hata hivyo ilikuwa chini ya gharama ya maua na vitambaa vya sikukuu ya mwaka.

Tukaweka kopo mlangoni, mbali na sadaka ya kawaida. Franka 500, au vyovyote. Umoja wa wamama ulichagua watu wawili wa kushika daftari, na mmoja wao ni mama anayetembea kwa magongo, ambaye anajua bei za soko kuliko mimi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anasoma kilichoingia na kilichotoka, na majina ya waliotoa hata franka 100, ila ya waliosaidiwa hayasomwi. Familia tatu sasa zinapata dawa. Nyingine moja ilikopeshwa mtaji wa kuuza ndagala, na inarudisha.

Kijana wa yule mama alikaa miezi minne bila kuanguka. Halafu mwezi wa mvua kubwa kopo lilipungua, dawa zikachelewa siku tisa, akaanguka darasani. Mwalimu alimlaza kwa ubavu kama muuguzi alivyomfundisha, akasubiri, kisha akaendelea na somo. Tangu hapo mwenye daftari anadai tuweke dawa za miezi miwili mbele, na suala hilo liko kwenye mkutano wa Alhamisi.